Usingizi Haupandi Lori

Jumatatu asubuhi Puseletso alifika Masenkeng kukagua mabomba ya maji, akawakuta watoto wanajipikia uji. Moshi ulikuwa unatoka kila nyumba, lakini mtu mzima hakuonekana hata mmoja. Mbwa walikuwa wamejikunyata ukutani wakiota jua la kipupwe. Msichana mmoja aitwaye Seipati alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, huku akikoroga sufuria kwa mwiko mrefu kuliko mkono wake.

"Mama yuko wapi?" Puseletso alimwuliza.

"Ameamkia nyumbani."

"Nyumbani si hapa?"

Mtoto alimtazama kwa huruma kidogo, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia. "Nyumbani kule juu, dada. Baba naye yuko huko. Sisi siku hizi tunaamkia hapa. Wao bado."

Puseletso alifunga bomba lililokuwa linavuja, akamwonjea uji akaona hauna chumvi, akamwambia. Kisha akaenda kumtafuta dereva.

Kijiji chao, Ha Lepheane, kilikuwa bondeni, milimani kabisa, mahali ambapo bwawa lingejaa maji. Kampuni iliyojenga bwawa ilikuwa imeleta malori alfajiri moja, na kabla jua halijazama watu wote, vitanda vyao, kuku wao na milango yao walikuwa wameshushwa tambarare, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari. Huko walipangwa kwenye safu za nyumba za matofali zilizofanana kama meno ya bandia. Wenyewe wakapaita Masenkeng, penye mabati. Paa za nyasi za kule juu zilichomwa siku ileile ili mtu asipate sababu ya kurudi. Meneja Letuka alipenda kazi inayokwisha.

Asubuhi iliyofuata kijiji kizima kiliamkia Ha Lepheane. Walifumbua macho ndani ya nyumba zao zisizo na paa, jalidi kwenye nyusi. Wanawake wakaenda kuteka maji, wanaume wakaenda kuyatazama mazizi matupu, na ilipofika adhuhuri lori likaja likawarudisha. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Kampuni ikadhani wanatoroka usiku, ikaweka walinzi. Walinzi walikuwa watu wa kuaminika na walieleza walichokiona: mtu analala, anakoroma, mkoromo unafifia kama gari linalokwenda mbali, kisha godoro linanyooka. Mlangoni hapiti mtu.

Haukupita muda watu wakajifunza. Kilichofungwa mwilini kilikwenda na mwenyewe, kisichofungwa kilibaki kitandani. Basi kila mtu akawa analala na viatu miguuni, blanketi limebanwa begani kwa pini kubwa, na kipande cha mkate mfukoni. Watoto, ambao usingizi wao ni mwepesi, walianza kuamkia Masenkeng mmoja baada ya mwingine. Wazazi hawakuweza.

Puseletso alikuwa afisa ustawi wa kampuni. Kazi yake, kama alivyoelezwa alipoajiriwa, ilikuwa kuwasaidia watu wazoee. Alipanda lori pamoja na dereva, jamaa mmoja mwenye maneno mengi aliyeitwa Tlali, wakakwea milima mpaka Ha Lepheane. Waliwakuta watu wamekaa kwenye mstari chini ya ukuta, wanaota jua.

"Umekuja, Fidia?" alisema Bibi Malitaba.

Jina la Puseletso, kwa lugha ya kule, maana yake ni hiyo, na Bibi Malitaba hakuiachia nafasi hiyo tangu siku walipokutana. "Tuliahidiwa fidia," alikuwa akiwaambia watu. "Haya, ndiyo hii. Ina miguu miwili na viatu vya ngozi." Alikuwa bibi mwembamba, mkavu, ambaye mikono yake ilikuwa imekandika na kuchora kuta za nusu ya nyumba za bonde lile.

"Nimekuja, Bibi. Mmeamkaje?"

"Tumeamka bila dari. Watoto wamekula?"

"Wamekula. Uji ulikuwa haujatiwa chumvi, lakini sasa umetiwa."

Mama yake Seipati, mwanamke mnene wa mwili na mwepesi wa hasira, aligeuza uso akatazama mlima upande wa pili. Wakapanda lori.

Wiki ile theluji ilianguka. Lori lilikwama njiani mpaka jua likaegemea, na walipofika kijijini walikuta watu wamekusanyika kwenye zizi wakipashana joto, isipokuwa Mzee Ntsane. Yeye alikuwa amekaa ukutani mwake kama kawaida, macho wazi, theluji mapajani haiyeyuki. Alizikwa palepale, kwa kuwa ndipo alipoamkia. Mzee Sekhobe, aliyekuwa mkuu wa kijiji, alisema maneno machache kaburini, kisha akamgeukia Puseletso.

"Waambie wakubwa wako kwamba huyu tumemwacha hapa. Wasije wakamtafuta kule wakidhani ametoroka."

Puseletso aliyafikisha. Meneja Letuka alikuwa na ofisi yenye jiko la umeme, na ukutani picha ya bwawa kama litakavyokuwa likijaa, maji ya samawati na mashua moja nyeupe. Hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha chai.

"Yule mzee alikuwa na kifua tangu zamani," alisema.

"Kifua alikuwa nacho miaka yote, bosi. Paa ndiyo hakuwa nayo."

"Wataacha tu. Watachoka."

"Hawaendi wenyewe. Tumewahamisha haraka mno."

Meneja alikoroga chai yake. "Puseletso, jino bovu haling'olewi nusu nusu."

"Mtu si jino."

"Milango ya bwawa inafungwa mwisho wa mwezi. Maji yakianza kupanda hayatasubiri mikutano yako. Unataka nifanye nini?"

Puseletso aliinywa chai, akashukuru, akatoka. Nje alisimama kando ya gari lake muda mrefu, hajui aanzie wapi. Alichokijua ni kwamba ataanza.

Jibu lilikuja siku lori lilipoharibika. Walikuwa wanarudi kutoka Ha Lepheane na barabara ilikuwa telezi, injini inakohoa. Kwenye mteremko mkali, nje tu ya kijiji, Tlali aliwaomba wenye magoti mazuri washuke watembee, ili gari lipate nafuu. Wazee walibaki juu ya lori, wengine wakafuata kwa miguu, wakizungumza, wakiokota vijiti vya kuwashia moto. Kufika kwenye duka la njia panda, springi ikakatika. Mjane mwenye duka akawafungulia ghala, wakalala juu ya magunia ya unga.

Asubuhi Puseletso aliamka akakuta ghala lina watu. Hakuwa amezoea jambo hilo. Wote waliotembea walikuwa palepale walipolala. Waliopanda lori hawakuwepo.

Mzee Sekhobe, aliyetembea kwa kiburi tu, ili asihesabiwe miongoni mwa wazee, aliketi juu ya gunia lake. Alitazama mizani, akatazama madebe ya mafuta, akatazama dirisha na mlima usio wake ukiwa dirishani. Kisha akavua kofia.

"Kwa hiyo nimeondoka," alisema.

Mama Seipati alimpa kikombe cha chai. Alikipokea, akakishika bila kunywa mpaka kikapoa.

"Kumbe usingizi haupandi lori," Tlali alisema kutoka uvunguni mwa gari. "Unakuja kwa miguu, nyuma nyuma, kama kondoo kilema. Nyinyi mlikuwa mnaukimbia tu, maskini."

Puseletso alikwenda kwa Meneja akaomba mahema na ruhusa. Alieleza mpango kwa ufupi: watu warudishwe juu, kisha wateremke kwa miguu, kituo kwa kituo. Kila mtu alale kituoni mpaka aamkie pale pale, ndipo asogee mbele. Meneja alisema hilo si jambo analoweza kulieleza kwa wakubwa wake. Akamwuliza kama ana siku za likizo. Alikuwa nazo. "Basi chukua likizo," alisema, na hakuuliza mahema yalitoka wapi stoo.

Kituo cha kwanza kilikuwa zizi la kondoo juu ya kijiji, mahali ambapo mtu angeweza kuisikia sauti ya mwenzake akiita kutoka nyumbani. Cha pili kilikuwa pango la wachungaji. Cha tatu duka la njia panda, na baada yake daraja, kisha kanisa, kisha uwanja wa shule moja chini kabisa, ambako milima inaishia. Waliokuwa wamekwisha kufika dukani waliendelea kutoka dukani. Watoto hawakuweza kuletwa, kwa sababu popote walipolazwa waliamkia Masenkeng, wanadai chai.

Mama Seipati hakuwa na subira na mambo hayo. Siku ya kwanza alifunga blanketi, akaondoka dukani kabla wengine hawajaamka, akatembea bila kupumzika mpaka Masenkeng. Akawaogesha watoto wake, akalala katikati yao. Alfajiri aliamka juu ya gunia la unga, nyayo zimevimba kama maandazi.

Puseletso alimkuta mlangoni pa duka, amelowesha miguu ndani ya beseni.

"Usiniambie kitu," Mama Seipati alisema.

"Sisemi."

"Nilitembea. Si mlisema kutembea? Nimetembea mpaka kucha zimeng'oka."

"Ulitembea vizuri. Usingizi wako ulikuwa bado unafunga mizigo." Puseletso aliketi kando yake, akamkausha mguu mmoja kwa upindo wa blanketi. "Leo twende darajani tu."

"Darajani? Mwanangu mdogo anakohoa, wewe unaniambia darajani?"

"Nesi wa pale chini amekwisha kumwona. Nimetoka huko jana. Mtoto ameniuliza kama mama yake ataleta machungwa. Twende darajani, mama. Kesho tutaona."

Alinuna njia nzima. Lakini alikwenda darajani, akalala, akaamkia darajani, kisha akasogea kanisani na uwanjani. Alikuwa mtu mzima wa kwanza kufika. Siku alipofungua macho Masenkeng, dari ya mabati ikiwa juu yake na baridi ikitoa mvuke puani, alilala kimya kwanza, hataki kujisogeza. Seipati aliingia na kuni mkononi.

"Leo umeamkia hapa," mtoto alisema.

"Ndiyo."

"Basi koroga uji. Mimi nimechoka."

Alimkabidhi mwiko, akapanda kitandani kwenye joto la mama yake, akalala mpaka mchana. Mama Seipati alipika uji wa mtaa mzima, kwa kuwa watoto wengine nao walikuwa wamechoka.

Huo ndio ukawa utaratibu. Anayeweza alitangulia, na aliyefika aliwalea wote aliowakuta. Wa nyuma kabisa aliachiwa Puseletso. Yeye mwenyewe usingizi haukumsumbua. Alikuwa amepanga vyumba vya watu maisha yake yote, na usingizi wake ulikuwa umejifunza kukaa karibu na begi.

Mwisho wa mwezi milango ya bwawa ilifungwa, kama ilivyosemwa. Kufikia hapo bondeni alikuwa amebaki mtu mmoja tu, Bibi Malitaba. Kila jioni yeye na Puseletso walipanda hadi zizini wakalala ndani ya hema. Kila alfajiri hema lilikuwa na mtu mmoja, na Puseletso aliteremka kumchukua nyumbani kwake. Mwanzo maji yalikuwa mtoni. Kisha yakafika kwenye bustani ya kabichi, kisha kizingitini.

Mzee Sekhobe, ambaye sasa alikuwa anaamkia kanisani, alipanda farasi akaja kuangalia. Alikaa juu ya farasi wake akayatazama maji yalivyotulia baina ya nyumba.

"Mwache," alimwambia Puseletso pembeni. "Umejitahidi. Watu wengine wanakuhitaji huko chini. Huyu amechagua."

"Hajachagua. Analala tu."

"Na maji yakifika shingoni?"

"Nitakuwa nimekwisha kuamka."

"Wewe ni mgumu," Mzee alisema. Alimwachia mahindi ya kuchoma na blanketi lake la pili, akageuza farasi.

Kesho yake Puseletso alimkuta Bibi Malitaba amesimama juu ya baraza la udongo ndani ya nyumba, maji yamefika miguuni, blanketi linadondoka. Alimbeba mgongoni mpaka nchi kavu. Bibi alikuwa mwepesi kama ungo. Waliwasha moto wa samadi kavu zizini, wakakamua blanketi, mmoja huku, mmoja huku.

"Bibi, ni nini kinachokurudisha?"

"Ningekijua si ningekitupa mtoni?"

Walikamua tena. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya ukuta.

"Akija atakuta nini?" Bibi Malitaba alisema baadaye, kana kwamba wanaendelea na mazungumzo mengine. "Atakuta ziwa. Atadhani amepotea njia, atarudi zake. Na mwanamume yule haulizi njia, hata umchape."

Puseletso alijua anayesemwa. Mume wa Bibi Malitaba alikwenda migodini, nchi ya jirani, kabla barabara ya magari haijafika bondeni. Mwanzoni alikuwa akituma salamu, kisha zikakoma. Wote walioondoka naye walikwisha kurudi, wazima au ndani ya masanduku. Puseletso alitia samadi motoni.

"Akija usiku, bila kuuliza, angeitambuaje nyumba yako miongoni mwa nyumba nyingine?"

"Kwa ukuta. Angepapasa ukuta." Bibi alinyoosha mkono wa kulia. Kidole cha kati kilikuwa kimepinda tangu alipokuwa msichana. "Wenzangu wanachora mistari imenyooka kama shamba la mzungu. Wangu mstari mmoja unakwenda kombo. Alikuwa akinicheka kwa hilo. Alisema hata akiwa kipofu atafika."

Puseletso alisimama akatazama juu ya zizi. Kulikuwa na mwamba mpana, wima, na chini yake alama ya rangi nyeupe waliyopaka wapimaji kuonyesha maji yatakapokoma. Mwamba ulikuwa juu ya alama.

"Ukuta wako bado haujayeyuka wote," alisema.

Siku nzima walifanya kazi. Puseletso aliingia majini mpaka kiunoni akabandua udongo wa ukuta kwa jembe, akaupandisha kwa ndoo. Bibi Malitaba aliukanda kwa miguu pamoja na samadi, akimkemea mwenzake kwamba amemletea mawe. Kisha akaukandika mwambani kwa viganja, na ulipoanza kushika akauchora kwa vidole, mistari minne minne, kama majani yanayofunguka, na katika kila jani mstari mmoja unakwenda kombo. Alipomaliza aliupapasa akiwa amefumba macho, akapata alichokitaka.

"Hapa atajua nimepita," alisema. "Lakini hatajua nimekwenda wapi."

"Tutachora tena mbele."

"Mbele wapi?"

"Popote utakapoamkia."

Alfajiri hema lilikuwa na watu wawili. Bibi Malitaba aliamka mkavu, akajigusa mikono, akatoka nje. Chini, nyumba yake ilikuwa imebaki ukingo wa ukuta tu, na bata mmoja amekaa juu yake. Aliutazama mpaka Puseletso alipomwita kunywa chai, na hakusema utani wowote siku ile.

Wakachora pangoni. Wakachora ukuta wa ghala la mjane, ambaye aliomba wamchoree na upande wa mbele, biashara ipendeze. Wakachora nguzo ya daraja. Kanisani padri alikuwa safarini, hivyo hawakumwuliza. Kwenye uwanja wa shule walimu waliwatoa wanafunzi nje waje waone, na Bibi Malitaba aliwapa kazi ya kukanda udongo na kuwaambia wana vidole vya watu waliozoea kalamu. Mahali pengine aliamkia siku ya pili tu. Mahali pengine ilimbidi alale na kulala tena, na asubuhi Puseletso arudi nyuma kumfuata, akimkuta amekaa kituo kilichopita na amekwisha kufunga mzigo. Walikuwa hawaelezani tena. Walikuwa wanaanza kutembea.

Walifika Masenkeng siku ya upepo, vumbi jekundu limejaa hewani. Watu wazima wote walikuwepo. Mama Seipati alikuwa amewapikia ugali na mboga za majani. Bibi Malitaba alizunguka nyumba aliyopewa, akagonga matofali kwa kidole, akauliza kwa nini nyumba ya mtu mzima haina ukuta wa kushikika. Kabla ya kula alikwisha kutuma watoto udongo.

Asubuhi aliamkia hapo. Asubuhi nyingine pia. Kampuni ilimtumia fundi na ndoo ya chokaa, kwa kuwa makubaliano yalitaka nyumba zote zifanane. Fundi alipaka ukuta mweupe akaondoka. Bibi Malitaba akaukandika upya. Fundi akarudi. Mpaka sasa mambo ni hayo, na wamezoeana kiasi kwamba bibi humwekea chakula.

Mumewe hajafika. Mashamba waliyoahidiwa bado yanapimwa. Kaburi la Mzee Ntsane liko chini ya maji, karibu na katikati.

Baada ya hapo Meneja Letuka alimwita Puseletso ofisini, akamkaribisha chai tena, na safari hii kulikuwa na biskuti. Wakubwa walikuwa wamefurahi. Ha Lepheane, walivyoelezwa, ilihamishwa kwa siku moja na watu wake wamezoea.

"Haikuwa siku moja," Puseletso alisema.

"Malori yalikwenda siku moja."

"Na waliorudi? Na mzee aliyeganda?"

"Wamezoea au hawajazoea?"

"Wamezoea."

"Basi." Meneja alisogeza biskuti. "Bonde linalofuata ni Ha Moeketsane. Nalo siku moja, Alhamisi ijayo. Nakutegemea, Puseletso. Wewe unawajulia hawa watu."

Puseletso aliomba wapewe mwezi. Meneja alisema haiwezekani. Aliomba wiki mbili. Meneja alisema ratiba haikutungwa na yeye, na hilo lilikuwa kweli. Puseletso hakugusa biskuti. Siku za likizo zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo hakuomba. Alipita stoo akachukua mahema, na mtunza stoo akageukia ukutani akahesabu misumari.

Aliondoka siku ileile na gari lake dogo. Mzee Sekhobe alikwenda naye, amekaa mbele na kofia magotini, kwa sababu mkuu wa Ha Moeketsane alikuwa binamu yake na hakuwa mtu wa kusikiliza wanawake wasio na mvi.

Watu wa Ha Moeketsane waliwasikiliza wamesimama. Hawakubisha kuhusu usingizi. Habari za Ha Lepheane zilikuwa zimefika. Walichobisha ni baridi.

"Yaani tulale zizini na kondoo, na nyumba zetu zile pale na paa juu?" aliuliza mtu mmoja mrefu, fundi wa matandiko ya farasi. "Nyumba zenyewe mtatunyang'anya Alhamisi. Tuacheni tuzilalie siku zilizobaki."

"Ukizilalia mpaka Alhamisi utazilalia mpaka maji," Mzee Sekhobe alimwambia. "Mimi hapa nilipakiwa lorini kama gunia, nikaamkia jalidini. Jirani yangu hakuamka. Lala zizini, mwanangu. Si mbali. Mkeo akikuita utasikia."

Walilala zizini, wengine kwa kununa, wengine wakicheka, watoto wakiwavuta kondoo mikia. Alfajiri Puseletso alitoka hemani akapita baina ya watu, akiinua ncha za mablanketi kutazama nyuso. Walikuwepo karibu wote. Palipolala fundi wa matandiko nyasi zilikuwa zimelala tu, na umande juu yake.

Chini, mlango wa nyumba yake ulifunguka. Alitoka anapiga miayo, blanketi begani, akasimama uani akiwatazama walio juu. Mbali kidogo, kule ambako barabara inakata mto, malori mawili ya kwanza yalikuwa yamekwisha kufika kabla ya siku yake, yameegeshwa moja nyuma ya jingine, na madereva walikuwa wanachemsha maji kando ya gurudumu.

"Nimelalia upande mbaya?" fundi aliuliza kwa sauti kutoka kule chini.

"Hapana," Puseletso alimjibu. "Panda taratibu, chai ipo. Leo tutalala hapahapa tena."